Kiti cha Mbele ni cha Nani?

Katika mambo ambayo watu huyaona madogo, na hali ndani yake mna haki za watu, ni jambo la kukaa. Penye mchezo, penye tamasha, penye mashindano ya mpira au ya mashairi, ni nani akae mbele na ni nani akae nyuma? Nani apewe kivuli, na nani aachwe juani? Huenda msomaji akatwambia kuwa hili si jambo la kuandikiwa. Mwenye kiti na akae, asiyekuwa nacho na asimame, na mchezo ukisha kila mtu atakwenda kwao. Nasi tulikuwa tukiona hivyo hivyo, mpaka ilipotufika siku tutakayoisimulia, ambayo sisi wenyewe tuna fungu letu katika lawama yake.

Tulialikwa kuhudhuria mchezo wa mwisho wa mashindano ya mpira ya vijana, katika uwanja mmoja wa mji wetu. Upande wa magharibi wa uwanja huo pana paa la mabati, na chini yake palikuwa pamepangwa safu mbili za viti. Upande wa mashariki hapana paa. Pana ngazi za saruji tu, na mwenye kukaa hapo wakati wa alasiri jua humpiga usoni mpaka litue. Tulipofika tulimkuta mzee mmoja amekaa katika safu ya mbele, chini ya paa, na bakora yake i baina ya magoti. Alikuwa amekuja mapema, wakati viti vyote vi vitupu, kwa sababu mjukuu wake alikuwa miongoni mwa wachezaji. Akaja kijana mmoja wa kamati, mwenye utepe begani, akamwambia kwa adabu, "Mzee wangu, tafadhali tupishe; viti hivi ni vya wageni." Mzee akainuka. Kisha kijana akatugeukia sisi, akatwambia, "Karibu, sheikh, hapa ndipo pako." Tukasitasita. Yule mzee akaliona hilo, akatwambia, "Kaa, maalim, kaa. Mimi nimezoea." Akaenda zake upande wa jua.

Nasi tukakaa.

Wageni waliokuwa wakingojewa hawakuja. Viti saba vya safu ya mbele vilikaa vitupu tangu mpira kuanza mpaka kwisha, na kila tulipoinua macho tulimwona yule mzee ng'ambo ya uwanja, amejitandia leso kichwani, mkono ameuweka juu ya macho ili apate kumwona mjukuu wake. Hakuna aliyemtukana wala aliyemsukuma. Alisemeshwa kwa adabu. Na juu ya hayo tumeshindwa kuisahau kauli yake kwamba amezoea. Mtu huzoeaje kuondoshwa? Na ni nani aliyemzoeza?

Hayo ndiyo tunayotaka kuyatazama katika makala haya, na twamwomba msomaji awe na subira nasi, kwani itatubidi tuanzie mbali.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa jambo hili ni la kale sana. Wayunani wa mji wa Athens walikuwa na mahali pao pa michezo ya kuigiza, kwenye mteremko wa kilima, na safu ya mbele waliiwekea viti vya marumaru kwa ajili ya makuhani wao na watu waliotukuzwa. Warumi wakalifanya jambo hilo sheria. Mwaka 194 kabla ya Miladi, wakubwa wa baraza lao lililokuwa likiitwa Seneti walitengewa mahali pao penye michezo, mbali na umma. Mwaka 67 kabla ya Miladi ikatolewa sheria ya kuwapa safu 14 zilizofuatia watu wa daraja ya pili, matajiri waliokuwa wakiitwa wapanda farasi. Kisha akaja Kaizari Augustus, akampangia kila mtu mahali pake: askari mbali na raia, waume waliooa katika safu zao, watoto katika sehemu yao na walimu wao karibu nao, na wanawake juu kabisa nyuma ya wanaume.

Na sababu ya Augustus kufanya hivyo inastahili kuzingatiwa. Mwandishi wa tarehe aitwaye Suetonius ameeleza ya kuwa mkubwa mmoja wa Seneti aliingia penye michezo katika mji wa Puteoli, akakuta watu wamejaa, na hapana hata mmoja aliyempisha. Kwa ajili ya mtu mmoja aliyekosa kiti, dola nzima ikaandikiwa sheria ya kukaa. Na mwandishi huyo huyo ameeleza ya kuwa askari mmoja wa kawaida alionekana amekaa katika zile safu 14, na Augustus akaamuru ainuliwe aondoshwe. Basi tazama, ewe ndugu msomaji, jinsi mizani hii ilivyopinda. Mkubwa akikosa kiti, hutungwa sheria. Mdogo akikosa, huambiwa hapo hapakuwa pake.

Lakini hatutaki kuwadhulumu Warumi. Ule uwanja wao mkubwa uitwao Colosseum, uliofunguliwa mwaka 80, ulikuwa na milango 80 ya chini, na milango 76 katika hiyo ilichongwa nambari juu yake. Mtu akiijua nambari ya mlango wake, alipita ngazi zake mpaka akafika kwenye safu yake, na michezo ikisha, maelfu kwa maelfu waliweza kutoka kwa muda mchache. Yaliyokuwa yakitazamwa humo yalikuwa maovu, kwani watu waliuana ili watu wengine wafurahi. Lakini hizo nambari za milango zilikuwa ni jambo jema, na zilimfaa mtumwa aliyekaa juu kabisa kama zilivyomfaa tajiri.

Kwa hiyo katika jengo lile moja twaona mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni mpango, na la pili ni daraja. Mpango ni ule unaomfaa kila aliyeingia: njia iwe wazi, mlango ujulikane, wa nyuma asizibwe na wa mbele, asiyejiweza apate pa kukaa. Daraja ni ile inayomfaa mmoja kwa kumpunguzia mwingine. Sisi twausifu mpango, wala hapana mkusanyiko wa watu unaosimama bila ya mpango. Tunaloliuliza ni hiyo daraja. Na ajabu ni kwamba kila anayeiuliza daraja hujibiwa kana kwamba ameukataa mpango, akaambiwa kuwa ataka fujo.

Tena tuulize: huyo anayekitaka kiti cha mbele, akitakia nini? Mtu atajibu kuwa akitaka ili apate kuona. Lakini tarehe haikubali. Katika mji wa London, kwenye jumba la michezo lililokuwa likiitwa Globe, lililojengwa mwaka 1599, mtu aliyetoa peni moja alisimama chini, uwanjani, pasipo na paa. Na aliyeongeza peni alipanda ngazi akakaa penye kivuli. Ama mabwana wakubwa walikuwa na vyumba vyao juu ya jukwaa lenyewe, kwa upande wa nyuma. Mtu akikaa hapo huwaona wachezaji migongo. Lakini yeye mwenyewe huonekana na kila aliyeingia, na hilo ndilo alilolilipia. Huko Paris nako, katika jumba la Comédie-Française, mabwana walikuwa wakinunua viti juu ya jukwaa hasa, baina ya waigizaji, hata waigizaji wakakosa pa kupita. Viti hivyo havikuondoshwa mpaka mwaka 1759. Watu hao hawakwenda kutazama mchezo. Walikwenda kuwa sehemu ya mchezo.

Na wazee wetu walioingia sinema katika siku zake wanajua jambo jingine. Katika sinema safu za mbele, zilizo karibu na pazia, ndizo zilizokuwa rahisi, na viti vya nyuma na vya juu ndivyo vilivyokuwa ghali. Katika jumba la kuigiza huwa kinyume chake. Na katika uwanja wa mpira, anayekaa nyuma ya goli yu karibu na goli kuliko wote, na tikiti yake ndiyo ya bei ndogo. Basi hiyo "mbele" iko wapi? Kama mbele ingekuwa heshima kwa dhati yake, ingekuwa heshima kila mahali. Lakini twaona kuwa heshima huhamishwa na watu, wakaipeleka mbele, wakaipeleka nyuma, wakaipeleka juu, popote walipotaka wakubwa wakae. Kiti hakina heshima mpaka pawe na mtu aliyekatazwa kukikalia.

Hata hivyo wako waliojaribu kujenga kwa njia nyingine. Mtunzi wa muziki wa Ujerumani, Richard Wagner, alifungua jumba lake katika mji wa Bayreuth mwaka 1876, akaviondoa vile vyumba vya pembeni ambamo matajiri walizoea kukaa ili watazamane wao kwa wao. Akazipanga safu zote zielekee jukwaani, moja juu ya nyingine, kama upepeo uliokunjuliwa, ili kila aliyekaa aone. Wagner alikuwa na maovu yake mengi katika maneno aliyoyaandika juu ya watu wa kabila nyingine, nasi hatumsifu kwa hayo. Tunalosema ni kuwa alijua kiti ni cha kutazamia, akajenga kwa mujibu wa ujuzi wake. Jambo hilo lawezekana.

Sasa huenda pakatokea mtu aseme: "Haya yote ni kiburi cha watu tu, na kiburi hakiui." Twamjibu kuwa kiburi cha viti kimewadhalilisha watu, na kutojali mahali wanapowekwa wanyonge kumewaua.

Ama kudhalilisha, kumbukeni Marekani. Katika majimbo ya kusini ya nchi hiyo mtu mweusi aliyelipia tikiti ya sinema alipelekwa juu, kwenye roshani ya mwisho, na mara nyingi kwa mlango wa kando na ngazi za nje, ili asipite alipopita mweupe. Mchezo ni ule ule, na fedha ni zile zile. Hali hiyo ilidumu mpaka sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ilipokataza ubaguzi katika majumba ya michezo, sinema na viwanja. Hao nao waliambiwa kwa miaka mingi kuwa wamezoea. Na watoto wao waliokwenda nao walijifunza kutoka kwenye ngazi zile somo ambalo hapana mwalimu aliyelitamka: ya kuwa wao ni watu wa juu kule gizani.

Ama kuua, msomaji na asikilize khabari ya uwanja wa Hillsborough, katika mji wa Sheffield, Uingereza. Tarehe 15 Aprili 1989 watu walikwenda kutazama mpira. Waliokuwa na tikiti za kusimama waliwekwa nyuma ya goli, katika vizimba vilivyozungushiwa vyuma pande zote, kwa kuwa wakubwa wa mpira siku hizo waliwatazama watu hao kama watu wa kuzuiliwa kuliko watu wa kulindwa. Nje watu wakasongamana, lango kubwa likafunguliwa, na umati ukapita njia moja ya chini ukaingia katika vizimba vya kati ambavyo vimekwisha kujaa. Vizimba vya pembeni vilikuwa na nafasi. Hapana aliyesimama kuwaelekeza huko. Watu 97 walikufa kwa mkasa huo. Kisha, juu ya mauti, wakasingiziwa kuwa wao wenyewe ndio walioyaleta kwa ulevi na fujo, na jamaa zao wakagombana na maneno hayo miaka 27, mpaka mwaka 2016 wazee wa baraza la uchunguzi walipokata shauri kuwa watazamaji hawakuwa na kosa na kuwa wafu wale waliuawa kinyume cha sheria.

Baada ya msiba huo, jaji aitwaye Taylor alitoa ripoti yake mwezi wa Januari 1990, akataka viwanja vikubwa vya Uingereza viwe vya viti vitupu, kila mtu na kiti chake. Vyuma vikaondoshwa, na viwanja vikawa na salama zaidi. Lakini bei za tikiti nazo zikapanda mwaka baada ya mwaka, hata wengi katika wale waliokuwa wakisimama wakawa hawawezi kuingia tena. Kuanzia mwaka 2022 baadhi ya viwanja huko vimeruhusiwa tena kuwa na mahali pa kusimama, penye vyuma vya kushikilia katika kila safu. Tumelitaja hili ili tusidhani kwamba kiti peke yake ni dawa. Mtu aweza kupewa kiti kisha akaondoshwa kwa bei.

Na sisi wa Afrika tusiseme kuwa hayo ni ya Wazungu. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, watu saba walikufa kwa msongamano siku ya mchezo wa Gor Mahia na AFC Leopards. Tarehe 24 Januari 2022, huko Yaoundé, siku Kamerun ilipocheza na ndugu zetu wa Komoro, watu wanane walikufa langoni, na mkuu wa mpira wa Afrika akasema wazi kuwa lango lililotakiwa liwe limefunguliwa lilikuwa limefungwa. Twauliza: ni lini tuliposikia watu wamekufa kwa kukanyagana katika mlango wa wageni wa heshima? Mlango huo haukosi bawabu, haukosi taa, haukosi njia pana. Basi elimu ya kuwapitisha watu kwa salama tunayo. Tunawafanyia wachache.

Sasa na tutazame mafunzo ya dini yetu, kwani jambo hili limetajwa ndani yake waziwazi. Katika Sura ya Al-Mujadila, aya ya 11, Waislamu wameamrishwa wafanyiane nafasi katika vikao, na wakaahidiwa kuwa Mwenyezi Mungu naye atawafanyia nafasi. Na Ibn Umar amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kumwinua mwenziwe mahali alipokaa kisha akakaa yeye, bali watu wasogeleane na wapishane. Na yeye Ibn Umar, mtu akimwinukia kwa khiari yake, alikuwa hakai mahali hapo. Jabir bin Samura naye ameeleza kuwa wao walipokuja kwa Mtume kila mmoja alikaa pale kikao kilipoishia. Na yule mtu aliyekuja siku ya Ijumaa akipita juu ya shingo za watu ili afike mbele aliambiwa akae, kwani amewaudhi watu. Na juu ya safu ya kwanza ya sala tumefundishwa kuwa lau watu wangalijua yaliyomo ndani yake, kisha wasipate njia ila kupiga kura, wangalipiga kura. Safu ya kwanza, iliyo tukufu kuliko viti vyote vya dunia, ni ya aliyetangulia. Na wakilingana, ni kura. Haikutajwa mali, wala cheo, wala nasaba.

Tunajua kuwa wako wanafunzi watakaotupinga kwa hoja, na wana haki. Watasema: baadhi ya wafasiri wamepokea kuwa aya hiyo iliteremka siku walipokuja watu wa Badri wakakosa pa kukaa, na Mtume akawainua wengine kwa ajili yao. Twajibu: khabari hiyo imetajwa, wala hatuifichi. Lakini tazameni ni nani walioinuliwa kwa ajili ya nani. Watu wa Badri walikuwa wamesimama na hapana aliyewafanyia nafasi, nao ndio waliotoa roho zao wakati wengine wangali nyumbani. Hawakutumwa watangulizi kuja kuwawekea viti. Tena walikuwapo, hawakuwa wageni wasiokuja.

Watasema tena: je, wakubwa wasiheshimiwe? Wazee, wanavyuoni, wageni? Twajibu: na waheshimiwe sana. Lakini heshima hutolewa na aliyekaa, hainyang'anywi kwa ajili ya aliyekuja. Imepokewa kwa Sahl bin Saad kuwa Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji, na kuliani kwake pana kijana na kushotoni pana wazee. Akamwomba yule kijana idhini ili awape wazee kwanza. Kijana akakataa kuliacha fungu lake la kunywa baada ya Mtume, na Mtume akampa yeye. Hapo pana elimu kubwa. Wazee walikuwa na heshima, na kijana alikuwa na haki. Na haki haikuondoshwa na heshima mpaka mwenyewe aridhie. Yule kijana wa kamati aliyemwambia mzee "tafadhali" hakuwa akimwomba idhini. Adabu yake ilikuwa katika ulimi tu. Anayeomba huwa tayari kukataliwa.

Na watasema mara ya tatu: je, mwenye mali asinunue kiti kizuri? Biashara ni halali, na anayeongeza fedha ili akalie mto hana kosa. Lakini twaona kuna mambo mawili yasiyouzwa. La kwanza ni salama: njia pana, mlango wazi, ngazi imara na kivuli kwa asiyeweza jua ni haki za kila aliyeruhusiwa kuingia, aliyetoa kidogo na aliyetoa kingi. La pili ni kile kilichojengwa kwa mali ya umma. Uwanja uliojengwa kwa kodi ya muuza samaki, mwenye nao ni yule muuza samaki pia, na akija kwenye sherehe isiyo na tikiti hapana sababu ya yeye kusimama na viti vitupu viko mbele yake.

Kwa hayo tuliyoyaeleza, twaona kamati zetu zinazoandaa michezo, mashindano na sherehe, na sisi wenyewe tunaoalikwa, tushike mambo haya. Viti vya kwanza na vya kivuli viwe vya wazee, wagonjwa, vilema na wanawake wenye watoto wachanga, kwani hao ndio wenye haja. Mgeni akitengewa kiti, na kitengwe kabla watu hawajaingia, tena kwa idadi ndogo na kwa muda maalumu. Mchezo ukianza naye hajafika, kiti kirudi kwa aliyepo. Aliyekwisha kukaa asiinuliwe. Na kabla ya kufikiria zulia la wageni, kamati iende langoni itazame umma utaingilia wapi na utatokea wapi.

Na juu ya yote twalisema hili kwa nafsi zetu, sisi watu wa makanzu na vilemba. Tumezoea nasi. Yule mzee alizoea kuondoshwa, nasi tumezoea kukaribishwa, na mazoea yetu ndiyo yaliyomzoeza yeye. Kila tunapokaa kimya juu ya kiti alichoinuliwa mwingine, tunamfundisha kijana mwenye utepe kuwa amefanya vyema. Siku ile neno moja kutoka kwetu lingalitosha. Tungalimwambia yule kijana, "Mwache mzee mahali pake, utuonyeshe pengine." Hatukulisema. Tuliona haya kumtahayarisha kijana mbele ya watu, na hatukuona haya mzee kutahayarika.

Mchezo ulipokwisha tulikwenda langoni tukamngojea ili tumtake radhi. Watu walitoka wengi kwa lango jembamba, na hatukumwona. Hatulijui jina lake wala mtaa wake. Haki ya mja haifutwi mpaka mwenyewe asamehe, na sisi hatuna njia ya kumfikia ila kwa karatasi hii, huenda mjukuu wake akamsomea.

Wasomaji wetu wanajua kuwa siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini Madina, na Bibi Aisha, naye alikuwa kijana, alitaka kuwatazama. Mtume (S.A.W.) akasimama, akamsitiri kwa shuka yake, naye akitazama kwa nyuma ya bega lake mpaka yeye mwenyewe aliposhiba kutazama. Hapakuwa na mtu mkubwa kuliko yeye mahali pale, wala mwenye haki zaidi ya kiti cha mbele. Naye alisimama ili mwingine apate kuona.

Mwenyezi Mungu atusamehe tulipokaa, na atupe nguvu za kuinuka.